Upana wa Kitanda

Mzee Rula alilinunua basi la shule siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amekwisha kulipima urefu, upana, nafasi kati ya tairi na tairi, na umbali wa kila dirisha kutoka kwa jirani yake. Vipimo aliviandika katika daftari la miraba, kwa tarakimu ndogo zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Kisha akaifunga kalamu na kujiambia kwamba kazi ya kichwa imekwisha, iliyobaki ni ya mikono tu.

Rula halikuwa jina la wazazi wake. Alibandikwa jina hilo na wenzake katika ofisi ya ramani, alikotumikia miaka thelathini na minne, na walikuwa na sababu mbili ambazo hawakuona haja ya kuzitenganisha: alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, na mkononi hakukosa rula. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi. Jina akaondoka nalo.

Dereva aliyemkabidhi basi alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kishada cha funguo kiunoni, na ilikuwa dhahiri kwamba hajaamua kama amchekee mnunuzi au amnunie.

"Gia ya pili hii," alisema akiupapasa mkono wa gia, "haitaki ubabe. Ukiisukuma inakususia mpaka jioni. Ibembeleze."

"Nitaibembeleza."

"Mlango wa nyuma nao una tabia zake. Ukiufunga kwa adabu, haufungi. Ubamize."

"Huku nibembeleze, huku nibamize."

"Ndiyo ndoa yenyewe hiyo, mzee!" Dereva alicheka peke yake, kisha akajifuta jasho. "Una shule?"

"Sina."

"Kwaya? Timu ya mpira?"

"Nataka kuishi humu."

Dereva aligeuka akaitazama ile safu ya viti, arobaini na viwili kwa hesabu, vyenye ngozi bandia iliyochanwachanwa na vidole visivyo na kazi. "Kuishi, yaani kulala?"

"Kulala, kupika, kuoga, kila kitu. Nyumba."

"Peke yako?"

"Na mke wangu," alijibu Rula, upesi mno, kama mtu anayeidaka glasi kabla haijafika sakafuni.

Dereva alikichomoa kishada kiunoni. "Basi huyo mama anakupenda," alisema hatimaye, akamkabidhi funguo.

Ukweli ni kwamba huyo mama alikuwa hajaulizwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Miaka sita kabla ya hapo alifunga mkoba mmoja, akasafiri siku mbili kwa barabara hadi mji anakoishi binti yao, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Miezi mitatu, alisema, mpaka mtoto akaze shingo. Mtoto alikaza shingo, akaota meno, akatembea. Akazaliwa wa pili. Binti akarudi kazini. Na katika kila simu neno "mwezi ujao" lilitamkwa na mmoja, likapokelewa na mwingine, kwa upole uleule ambao watu hutumia kuulizana habari za afya. Hawakugombana. Laiti wangegombana, kungekuwa na siku ya kuitaja, na mtu angeweza kusema kwamba kabla ya siku hiyo mambo yalikuwa hivi na baada yake yakawa vile. Wao mambo yao yalififia kama wino uliowekwa juani, na anayeutazama kila siku haoni siku ulipotoweka.

Rula alijaribu kumfuata. Alikaa miezi miwili katika nyumba ya binti yake, ghorofa ya sita, akilala sebuleni kwenye kochi lililoishia magotini mwake. Mkwewe alikuwa mtu wa heshima, kila asubuhi alipita kwa kunyata na viatu mkononi, na heshima ile ndiyo iliyomwelemea Rula kuliko karaha yoyote. Akaaga kwa kisingizio cha maua yasiyo na wa kuyamwagilia. Mkewe hakumzuia. Alimkunjia mashati, akamsindikiza hadi ngazini, akasema atakuja mwezi ujao.

Nyumba aliyoirudia ilikuwa na vyumba vitatu, na yeye aliishi katika kimoja na nusu. Baada ya muda wakakubaliana, kwa simu, kwamba iuzwe. Alipatikana mnunuzi, wakaandikishana, na siku ya kukabidhiana ikapangwa mwisho wa mwezi. Hapo ndipo Rula, akiwa hana hili wala lile, alipoona tangazo kwenye lango la shule: basi linauzwa. Alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma mistari minne. Yeye hawezi kuishi kwa binti, mkewe hawezi kurudi nyumbani. Lakini iko namna ya nyumba ambayo si ya huku wala ya kule, nayo huweza kuegeshwa popote barabara inapofika. Jambo hilo lilimwingia moyoni likiwa limekamilika, kama ramani iliyokwisha kuchorwa, na hakulitilia shaka tena.

Basi akalipeleka katika karakana ya seremala aitwaye Randa. Huyu alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye penseli sikioni ambayo watu walisema analala nayo. Kiwanja chake kilikuwa kipana, na kwa wiki nzima Rula alifungua viti humo, kimoja baada ya kingine, kwa spana na mafuta ya kulegeza kutu. Ilikuwa kazi ya kupiga magoti. Chini ya viti aliokota vifutio, vifungo vya mashati, kijiko, jino dogo lililofungwa kwenye karatasi. Vyote alivitia katika kopo, kwa sababu hakuweza kuvitupa wala hakujua wa kumrudishia. Alipochoka aliketi juu ya kiti ambacho zamu yake haijafika, akala mkate na kunywa chai ya chupa, akitazama mbele kama abiria. Kila siku alikuwa na viti vichache zaidi vya kuchagua.

Viti vilipokwisha, Randa aliingia kupima. Alitembea toka mlangoni hadi nyuma, akabisha hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akaisoma michoro ya Rula na kutikisa kichwa kwa heshima.

"Mzee wangu, sijaona mchoro msafi hivi tangu nianze kazi. Mpaka vichwa vya bolti umevichora." Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Dari umeiandika wapi?"

"Dari?"

"Urefu wa kwenda juu. Naona urefu wa kwenda mbele, naona upana. Juu sioni."

Rula aliichukua karatasi. Aliipitia yote, kwanza kwa uhakika, kisha kwa haraka, kisha polepole. Miaka thelathini na minne aliichora dunia kwa kuitazama kutoka angani, nyumba kama miraba, miti kama nukta, na katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza mlango wa nyumba fulani una urefu gani.

"Simama hapo katikati," alisema Randa.

"Nimesimama."

"Simama wima, mzee."

Ndipo Rula alipotambua kwamba hajasimama wima. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akiingia humo ameinama, kichwa kimelala begani, na hakuhisi tofauti yoyote, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameinamia milango, taa na watu. Alijaribu kunyoosha shingo. Utosi ukagonga bati, na bati likatoa mlio mzito wa sufuria tupu.

Randa alivuta utepe wake. "Mita moja na sabini na nane. Nikiweka mbao chini na mbao juu, utabaki na mia na sabini. Wewe una ngapi?"

"Mia tisini na moja."

"Loo! Umenunua basi la wanafunzi wa darasa la kwanza." Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaketi juu ya mwinuko wa bati unaofunika tairi na kucheka mpaka penseli ikaanguka. "Samahani, mzee wangu. Wengine huishi shingo upande kwa maneno tu, wewe utaishi shingo upande kweli kweli!"

Rula naye alicheka, kwa sababu kicheko cha Randa hakikuwa na sumu. Alipomaliza alisema, "Nitazoea."

"Usizoee. Yupo fundi wa kuchomea hapo jirani. Analikata paa kuzunguka juu ya madirisha, analiinua, anaziba kwa bati jipya. Siku nne, tano."

"Haina haja. Mke wangu ana mia hamsini na saba."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa."

Randa aliinuka, akaokota penseli, akairudisha sikioni. Alikuwa mtu mwenye mdomo mwepesi, lakini mikono yake ilikuwa imemfundisha kungoja. "Haya. Mama ndiye mwenye nyumba. Basi niambie jingine: kitanda cha mmoja au cha wawili?"

"Cha wawili."

"Cha wawili kinakula ubavu wote huu. Jiko litasogea hapa, na meza ya kuchorea haitakuwapo."

"Si lazima meza."

"Mchora ramani bila meza, mimi seremala bila randa." Randa alimtazama. "Mama amesema cha wawili?"

Rula alikuwa akikunja michoro yake, na mikunjo haikukutana. "Nitamwuliza."

"Mwulize kabla ya Ijumaa. Ijumaa nakata mbao, na ubao uliokatwa hauna samahani."

Jioni hiyo, kabla jua halijatua, Rula aliketi sakafuni ndani ya basi na kuchora mchoro wa pili. Mara hii alichora kwa upande, kama mtu anayelitazama basi akiwa barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani akachora vitu vimesimama. Meza ya jikoni aliiweka sentimita themanini na mbili kutoka sakafuni, ili mkewe asiinue mabega anapokata vitunguu. Ndoano za nguo aliziweka pale mkono wake mfupi unapofika. Kioo, rafu, swichi ya taa, vyote alivishusha. Kwenye dari aliandika mia na sabini, bila maelezo. Kitanda alikichora, akaandika urefu. Mahali pa upana akaacha nafasi, akaweka alama ya kuuliza, ndogo, kwa penseli. Akaupiga picha mchoro kwa simu na kuutuma. Chini yake aliandika: "Seremala anaomba vipimo."

Tutasema nini juu ya mtu kama huyu? Hakuwa mwoga. Alishawahi kuvuka mito yenye maji ya shingo akiwa na vifaa vya kupimia kichwani. Lakini kila mtu ana swali moja analolizunguka, na mwenye akili nyingi hulizunguka kwa mbali zaidi, kwa njia zilizopangwa vizuri zaidi, mpaka hata yeye mwenyewe huona kwamba anatembea tu.

Jumatano jibu halikuja. Alhamisi alifunga vitabu katika maboksi, akavifungua kutafuta miwani, akavifunga tena. Alisafisha chumba ambacho hakukitumia. Jirani alimsalimu kutoka ng'ambo ya ukuta na kumwuliza anahamia wapi, naye akajibu, "Barabarani," kisha akaona neno hilo lilivyosikika, akaongeza, "yaani, kwenye basi," na hilo halikulitengeneza.

Ijumaa asubuhi simu ikalia mara moja. Ilikuwa picha. Mkewe hakuandika ujumbe. Aliandika juu ya ukurasa wa daftari lake la wateja, lenye safu za kiuno, bega na mkono, kwa mwandiko wake wa mviringo ambao haukubadilika tangu uchumba:

"Meza ya jikoni: 98, si 82. Ndoano ya koti: 190. Kioo: katikati yake 176. Swichi: 130. Rafu: 180, ukishainua paa. Paa liinuliwe sentimita thelathini na tano, usiniambie utazoea, nakujua. Kitanda: urefu 210, usilale umekunja miguu. Upana utakavyo."

Rula aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena njiani. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Mtu hajishughulishi hivi na rafu za nyumba ambayo haimhusu! Amepima kila kitu, amesahihisha kila kitu, hata swichi. Ni mama mwenye nyumba anayetoa amri kabla hajahamia. Alifika karakanani akitembea kwa hatua ndefu, na Randa, aliyekuwa tayari amezipanga mbao juu ya farasi wa miti wa kukatia, alimwona kwa mbali akasema, "Leo mzee kapata habari."

"Shika, soma. Amejibu kila kitu."

Randa alijifuta mikono kwenye aproni, akaishika simu mbali na uso, kama wafanyavyo watu ambao macho yao yameanza kuwakimbia. Midomo yake ilitembea juu ya tarakimu. Rula alingoja mzaha. Mzaha haukuja.

"Mzee wangu," alisema Randa, "mama ana urefu gani vile?"

"Mia hamsini na saba."

Randa alivuta utepe kutoka kiunoni, akaukanyaga mwisho kwa kiatu, akaunyoosha ukutani hadi tisini na nane, akaweka alama kwa penseli. Kisha akapandisha hadi mia sabini na sita, akaweka nyingine. Kwa ya mwisho ilimbidi apande juu ya ndoo. Aliposhuka alimshika Rula kiwiko, kwa upole, akamsogeza hadi ukutani kama mtu anayepimwa suti.

Alama ya kwanza ilikaa chini kidogo ya kiwiko chake, mahali hasa ambapo mkono hukata bila kuchoka. Ya pili ilimtazama machoni. Ya tatu ilikuwa pale ambapo mkono wake, ukinyanyuka bila kufikiri, hutundika koti.

"Vipimo hivi," alisema Randa polepole, "ni vya mtu mmoja."

Rula aliendelea kusimama ukutani. Alikuwa amezisoma tarakimu zote na hakuona mwili wowote ndani yake. Seremala aliuona mara moja.

"Nikupe dakika, mzee?"

"Nipe dakika."

Aliingia ndani ya basi na kuketi juu ya mwinuko wa tairi. Madirisha yalikuwa kumi na mawili, na katika kila dirisha kulikuwa na kipande cha kiwanja, rundo la vumbi la mbao, gurudumu, paka anayejilamba. Alipiga simu. Iliita kwa muda, kisha akasikia kwanza cherehani, mbio zake zilezile, na baadaye sauti.

"Umeipata?"

"Nimeipata. Asante."

"Hilo la paa ulizingatie. Usije ukasema fundi ghali, fundi hayupo."

"Yupo. Hapa jirani. Mama, nikuulize."

"Uliza."

"Upana."

Cherehani ikanyamaza.

"Upana wa nini?"

"Wa kitanda. Umeandika utakavyo."

"Ndiyo. Utakavyo wewe."

"Wewe unatakaje?"

Alisikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa, na kelele za barabara ya huko zikipungua. "Baba," alisema mkewe, "unauliza kitanda, au unaniuliza mimi?"

Rula alitazama mikono yake. Ilikuwa na kutu ya bolti kwenye mistari ya viganja, na mistari ile sasa ilionekana kama mito.

"Nakuuliza wewe. Utakuja kuishi na mimi?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, lakini hakikuwa kama vile vimya vya miaka sita. Ndani ya hiki kulikuwa na mtu anayefikiri.

"Leo umeuliza," alisema mkewe. "Miaka sita unaniambia maua yananyauka, bomba linavuja, jirani anakusalimu. Hukuniuliza."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema. Nilikuwa naona haya. Mke mzima, na mume wake hajamkosea lolote, atasema nini?" Akavuta pumzi. "Siji, baba. Si kwa ubaya. Nina kibanda changu hapa, wateja wananijua. Asubuhi nawapeleka watoto, narudi nafungua. Jioni nikifunga, nimechoka uchovu wangu mwenyewe."

"Huku pia ulikuwa unashona."

"Huko nilikuwa nashona huku nakusubiri. Unatoka kazini saa kumi na moja, unaingia na karatasi zako, unakula, unarudi kwenye karatasi. Nikasema, akistaafu. Ukastaafu. Ukakaa palepale mbele yangu, na mimi bado nasubiri. Ndipo nikaona kwamba najua kusubiri tu, sijui kingine. Nikaogopa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ungenichorea."

Aliposema hivyo alicheka kidogo, na Rula alijikuta naye akitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko. Ilikuwa kweli. Angemchorea.

"Umekasirika?" aliuliza mkewe.

"Hapana."

"Unafanya nini basi, umenyamaza?"

"Nimekaa ndani ya basi. Vipimo hivi, mama, ulivitoa wapi? Hujanipima tangu uondoke."

"Nimekushonea mashati maisha yako yote ya kazi. Ningevisahau vipi?" Sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Nyuma ya kibanda pana uwanja, watu huegesha malori. Njoo na basi lako. Kaa wiki, kaa mwezi. Nikupikie, unipikie. Halafu nenda unakotaka kwenda, uione hiyo dunia uliyoichora. Kisha urudi tena."

"Nije kama mgeni?"

"Uje kama mtu mwenye kwake. Utaniambia, karibu kwangu, nami nitaingia nikae, nitazame rafu zako. Nitakunywa chai, kisha nitaaga niende kwangu." Akasita. "Kwa hiyo paa liinue, usije ukanipokea umeinama."

Waliagana. Hakuna aliyesema mwezi ujao.

Rula alikaa pale mpaka paka akamaliza kujilamba na kuondoka. Alikuwa na huzuni, na alishangaa kuiona ilivyo na kingo. Kwa miaka sita ilikuwa kama ukungu uliofunika vyumba vitatu. Sasa ilikuwa na urefu na upana, angeweza kuizunguka kwa miguu. Hilo halikuifanya nyepesi. Alifikiri juu ya viti arobaini na viwili alivyovifungua kwa mikono yake, na dereva aliyesema huyo mama anakupenda, na alikubali kwamba dereva hakukosea. Aliyekosea ni yeye Rula, kwa kudhani kwamba neno hilo linajibu swali la kitanda.

Alitoka nje. Randa alikuwa akijifanya ananoa msumeno ambao ulikuwa umekwisha kunolewa.

"Mwite huyo fundi wa kuchomea," alisema Rula. "Sentimita thelathini na tano."

"Nitamwita leo hii."

"Meza ya jikoni iwe kama alivyoandika. Na ile ya kuchorea iwepo, dirisha la tatu."

"Vizuri." Randa aliichukua penseli sikioni, akaichezea. Hakutaka kuuliza, na ilimbidi aulize. "Kitanda?"

Rula alitazama mbao zilizokuwa zimelazwa juu ya farasi, nyeupe, zenye harufu ya utomvu. Alikuwa na haki ya kusema sabini na tano, akapata nafasi ya rafu nyingine ya vitabu. Alikuwa pia na haki ya kusema mia na hamsini, na hakuna mahakama ambayo ingemzuia mtu kujidanganya ndani ya basi lake mwenyewe.

"Mita moja na ishirini," alisema.

Randa alikunja uso. "Mzee wangu, hicho si cha mmoja, wala si cha wawili. Mmoja atazagaa, wawili watabanana."

"Najua."

"Hata godoro lake utalitafuta kwa tochi."

"Litashonwa. Namjua anayeshona."

Seremala alimtazama kwa muda, kisha akainama, akavuta utepe juu ya ubao na kupiga mstari kwenye mia na ishirini, mwembamba, ulionyooka. Akaupima tena, kwa sababu alijua anatazamwa na mtu anayejua mistari.

"Ubao wenyewe mrefu, utayumba," alisema. "Shika mwisho ule."

Rula alizunguka, akaushika ubao kwa mikono miwili, na msumeno ukaanza.